Kamba ya Masika

Mama uliyezaa mtoto ambaye utosi wake haukufunikwa na ngozi, andiko hili ni lako. Sikujui. Muuguzi Furaha aliniambia tu kwamba umelazwa kwenye kitanda cha dirishani, kile nilicholalia mimi, kwamba unamfunika mtoto kichwa hata mbele ya wauguzi, na kwamba hutaki kusema na mtu. Aliniomba nije nikusimulie. Lakini mimi huona haya mbele ya watu, maneno hunikwama kooni, kwa hiyo niliomba daftari. Nilifika darasa la sita la msingi tu, na mkono wangu huandika polepole. Furaha atakusomea.

Naitwa Kavira. Nilizaliwa Kalengera, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru. Juu ya kichwa changu, kuanzia pale nywele zinapoanzia hadi katikati, hapakuwa na ngozi wala mfupa. Mama anasema palikuwa pekundu kama ndani ya mdomo, na palipiga kama moyo. Bibi, mama wa baba yangu, alitaka papakwe majivu na majani yaliyotwangwa. Mama alikataa. Alichemsha maji, akatia chumvi, akapaosha kila asubuhi na kupafunika kwa kitambaa alichokwisha kukichemsha pia. Dokta aliniambia baadaye kwamba ukaidi ule ndio ulionifikisha kwake nikiwa hai. Baada ya miezi mingi pakaota ngozi nyembamba yenye kung'aa, kama ganda la ndani la kitunguu. Haikuwa na unywele hata mmoja, na chini yake hapakuwa na kitu kigumu. Nilipolia ilivimba. Nilipolala ilibonyea.

Sasa nikuambie kuhusu kamba, maana bila kamba hutaelewa nyumba yetu.

Sisi ni Wanande. Mwanamke wa kwetu hubeba mzigo mgongoni, na kamba pana inaushika mzigo na kupita juu ya paji la uso, karibu na nywele. Viazi, kuni, maji, yote hubebwa na shingo. Majirani zetu wa Kinyarwanda wao hubeba juu ya kichwa. Namna zote mbili zilikuwa haramu kwangu. Na Bibi alikuwa amemwambia Mama siku ya tatu baada ya kuzaliwa kwangu: "Ni kamba yako. Ulibeba viazi mpaka siku ya kujifungua, kamba ikamfinya mutoto ndani ya tumbo. Alama yake uone ilipo."

Kwa kweli alama ilikuwa pale pale kamba inapokaa. Mama aliamini. Aliitundika kamba yake nyuma ya mlango na hakuivaa tena. Alipotoka shambani alifunga viazi mgongoni kwa kitenge, kama anayebeba mtoto, vichache vichache, na wanawake wa njiani walimwuliza kama viazi vyake vimebatizwa.

Dada yangu Masika alikuwa na miaka tisa alipoitoa kamba ile nyuma ya mlango. Papa, baba yetu, alikuwa ameshakufa katika vita. Kuanzia siku hiyo Masika alibeba mzigo wake, wa Mama na wa kwangu.

Mimi nilikua nikiwa na fulari, kitambaa cha kufunga kichwani. Shuleni mwalimu aliniruhusu kuivaa hata wakati wa bendera. Nilikaa nyuma kabisa, nikajifunza kutoinua mkono, maana anayeinua mkono hutazamwa. Nilipocheza sikukimbia. Nilipoanguka nilianguka kwa magoti na mikono, kichwa juu, kama mbuzi. Hata leo naanguka hivyo.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita, vita vilirudi na Kalengera yote ikashika njia ya Goma. Barabara ilijaa magodoro, masufuria, mbuzi, wazee wakisukumwa juu ya baiskeli. Masika alikuwa ameinama mpaka sikumwona uso. Mimi nilishika birika. Mama mmoja aliyetembea kando yetu alinitazama, akamtazama Masika, akashindwa kunyamaza.

"We musichana mukubwa hivi, mikono mitupu, na dada yako anakufa na muzigo?"

Niliangalia chini. Masika hakusimama, alijibu toka chini ya mzigo: "Yeye anabeba kichwa yake, mama. Inatosha."

Tulifikia kambi upande wa Munigi. Vibanda vya bashi, yaani turubai, vilisimama juu ya mawe meusi ya volkano, yale yanayokata hata soli ya kiatu. Mahali pabaya kwa mtu wa kichwa kama changu. Mama alitandika nyasi mbele ya kibanda chetu chote, na kila mvua ilipozisomba alitafuta nyingine.

Furaha alikuwa akija kambini kila Alhamisi kutoka hospitali ya mjini. Alhamisi moja alikuja na wembe na dawa ya mapunye. Watoto na vijana wote walipangwa foleni wanyolewe. Zamu yangu ilipofika nilishika fulari kwa mikono miwili.

"Toa fulari, mupenzi," alisema.

"Apana."

"Uko na chawa ya dhahabu? Toa, wengine banangoja."

Foleni ilicheka. Masika alitoka alikokuwa anachota maji, akasimama kati yetu. "Huyu, ni mimi ntamunyoa."

Furaha alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakubishana. Alinichukua nyuma ya bashi, akaniketisha juu ya bidoni, dumu la maji, akanawa mikono yake upya. Kisha akangoja tu. Hakuna mtu aliyewahi kuningoja hivyo. Nikafungua fulari mwenyewe.

Aliweka kiganja hewani, karibu na ngozi bila kuigusa, kama mtu anayeota moto. "Inapiga," alisema.

"Ndiyo."

"Kuna dokta mujini anajua hii kazi. Siyo kwa leo, siyo kwa kesho. Lakini anaijua."

Mama wa kitanda cha dirishani, nisikudanganye kuhusu kungoja. Tulingoja zaidi kuliko tulivyotibiwa. Benchi la hospitali lilikuwa la mbao, refu, na kila aliyeingia kwa dokta aliwafanya wengine wasogee hatua moja kwa makalio. Mara mbili tulisogea mpaka mlangoni na siku ikaisha. Muzee mmoja mwenye uvimbe shingoni alitushikia nafasi Mama alipotoka kununua mandazi, na alipoulizwa na waliochelewa alisema, "Hapa kumekaa mutu. Hamumuoni kwa sababu ni mwembamba." Hakuniuliza nina nini. Nilimpenda kwa hilo.

Mara ya tatu tuliingia. Dokta alikuwa mtu mfupi, wa upande wa Bukavu, mwenye mikono midogo kama ya msichana. Alinitazama kichwa muda mrefu. Kisha akaeleza, na mimi nitakueleza kama nilivyoelewa. Ngozi nzuri ya kando haitoshi kufunika. Kwa hiyo ataweka mfuko mtupu chini ya ngozi hiyo, na kila juma atatia maji kidogo kwa sindano. Ngozi itanyooka na kukua, kama inavyokua ya tumbo la mwenye mimba. Ikitosha, atatoa mfuko, atachukua mfupa kwenye mbavu zangu na kuziba shimo, kisha ataivuta ngozi mpya juu yake.

"Mbavu?" Mama aliuliza.

"Vipande tu, mama. Atabaki na za kutosha."

Nilidhani Mama atauliza kama nitakufa. Badala yake alishika ukingo wa meza, akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwake. "Dokta, ni mimi nilimufanya hivi. Nilibeba na kamba wakati wa mimba."

Dokta hakuelewa kamba inahusiana vipi na kichwa changu. Furaha, aliyekuwa akipanga karatasi, ni Mnande kama sisi. Alimweleza. Halafu akamgeukia Mama. "Mama, kama kamba inatoboa batoto, muji muzima wa Butembo, kwetu Banande, bangezaliwa bila vichwa."

Mama hakucheka. Alimtazama dokta. Dokta aliacha kalamu.

"Mama yangu alibeba na kamba akiwa na mimba yangu," alisema. "Haikutoka kwa kamba. Hakuna kitu ulifanya. Inatokea tu, mara chache sana."

"Sema tena."

"Haikutoka kwa kamba."

"Tena, dokta. Pole, lakini tena."

Alisema mara ya tatu, polepole. Ndipo Mama akacheka, akacheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge, na yule muzee akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kwa hiyo, mama wa kitanda cha dirishani, kama kuna mtu amekuambia ni kosa lako, mwombe dokta akuambie hapana. Mwombe mara tatu. Hatachoka.

Operesheni ya kwanza haikuwa nzito. Niliamka nimenyolewa, na kando ya kichwa, juu ya sikio la kulia, kulikuwa na kitu kama sahani ndogo iliyofichwa. Baada ya majuma mawili sindano zikaanza, na toka hapo nilihesabu maisha yangu kwa sindano. Sindano ya kwanza iliwasha. Ya tatu ilinipa kitu kama yai la bata. Ya tano ikawa avoka. Ngozi ilikaza mpaka nyusi zangu zikapanda, nikawa na uso wa mtu anayeshangaa siku nzima. Nililala upande wa kushoto tu, Mama akiwa ameniegemeza kwa magunia ya nguo.

Fulari haikutosha tena. Masika alichukua kitenge kizima cha manjano, akanifunga kilemba kikubwa, akijaza upande wa kushoto kwa vitambaa ili pande zote zilingane. Siku moja tukipita soko la Birere kwenda hospitali, mwuzaji wa vitenge aliniita. Nilitaka kukimbia. "Dada, ile mutindo ni ya Kinshasa?" Masika akajibu bila kupepesa jicho, "Ni ya Kalengera." Baada ya juma moja wasichana wanne kambini walikuwa wamefunga kilemba kama changu, na mmoja alikuja kulalamika kwamba chake hakisimami. Sikumwambia siri. Nilicheka ndani ya kibanda mpaka mfuko ukauma.

Lakini usidhani tulicheka kila siku. Kati ya sindano ya tano na ya sita, Masika alivunjika moyo. Alikuwa na mchumba, Kasereka, fundi viatu wa Birere, mtu mpole aliyekuwa amengoja miaka miwili. Siku hiyo Kasereka alikuwa ametuma shangazi yake kuuliza tena, na Masika alimjibu kwamba hawezi kuondoka, nani atachota maji. Nilisikia. Niliona aibu, nikachukua bidoni ya lita tano nikaenda bombani, nikaijaza, nikaishika mkononi. Nilijikwaa jiweni. Niliangukia magoti, kichwa juu.

Masika alinikuta pale. Hakuniinua kwanza. "Unataka ipasuke? Unataka tuanze mwanzo?" alisema. "Tangu niko na miaka tisa mi ni punda ya Kavira. Shingo yangu imekuwa kama ya muzee. Kasereka atachoka, ataoa mwingine, na mi ntabaki hapa na bidoni yako. Kisha unaenda kuanguka juu ya mawe?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikutaka kupona ili niwe mzuri. Nilitaka kupona ili yeye aende. Maneno yalikwama kama kawaida. Alichukua bidoni, akaivuta kamba kwenye paji, akatangulia. Nilimfuata nikitazama mstari uliochimbwa na kamba kwenye nywele zake, mahali ambapo nywele zilikuwa zimekoma kuota. Yeye naye alikuwa na upara wake. Sikuwa nimewahi kuuona.

Baada ya sindano ya nane, mizinga ilisikika nyuma ya vilima, na siku iliyofuata ikasikika karibu. Kambi ilihama mchana mmoja. Tuliteremka kuelekea mjini ndani ya mto wa watu, Mama mbele yangu, Masika nyuma yangu, ili nisigongwe. Dokta alikuwa amenionya: mfuko ukipasuka au ngozi ikifunguka, ngozi yote iliyokua imepotea, na haitakua mara ya pili.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana alinyoosha kidole kwenye kilemba. "Toa. Unaficha nini?"

Mama alianza kueleza, askari akamkatiza. Nilifungua kitenge mbele ya watu wote. Kichwa kimenyolewa, upande mmoja umepanda kama papai, katikati ngozi inapiga. Askari alirudi hatua mbili. "Ni bombe?"

"Ni maji, baba," Mama alisema. "Dokta aliweka maji, ngozi ikue."

"Maji ndani ya kichwa?" Alimwita mkubwa wake. Mkubwa alikuja, akanizunguka mara moja, akavua kofia yake, sijui kwa nini. "Funika mutoto," alimwambia Mama. "Mupite kando, mule hakuna kusukumana." Na yule kijana akatufungulia njia kwa mikono yake, akipiga kelele watu wasogee.

Tulifika. Lakini hospitali ilikuwa imejaa majeruhi mpaka uani. Dokta alinitia sindano ya tisa na ya kumi akiwa amesimama, macho mekundu. "Uko tayari," alisema. "Mimi ndio siko tayari. Chumba cha operesheni hakina nafasi." Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia sita, tukingoja. Juma la kwanza. La pili. Ngozi juu ya mfuko ikawa nyembamba, ikaanza kung'aa, na sehemu moja ikawa nyekundu. Mama aliitazama kila asubuhi kwa mwanga wa mlango, nami nilijua kwa jinsi alivyokaza mdomo. Tulikuwa tunashindana na ile sehemu nyekundu.

Juma la tatu Furaha alikuja mwenyewe mpaka shuleni. Nafasi imepatikana kesho. Lakini damu ya hospitali ilikuwa imeisha kwa majeruhi. Kila mgonjwa alete mtu wa kumtolea. Mama alipimwa, akaambiwa yeye mwenyewe hana ya kutosha. Zamu ya Masika ikafika. Toka siku ya bombani tulikuwa hatuzungumzi ila ya lazima. Aliketi, akakunja mkono wa blauzi, akanitazama.

"Hata damu unataka nikubebee," alisema.

Nikashindwa kujua kama nilie. Kisha nikaona pembe ya mdomo wake inatikisika. Tulicheka wote wawili, na aliyeshika sindano akatuomba tutulie, asije akakosa mshipa.

Kuhusu operesheni yenyewe sina la kukusimulia, nililala. Nilipoamka kilichoniuma ni ubavu, si kichwa. Kila pumzi ilikuwa kisu, na kukohoa sikutaka hata kukufikiria. Jua hilo mapema, usije ukaogopa. Juma la kwanza nilivimba uso mpaka macho yakafunga. Mama alinilisha uji wa mtama kwa kijiko, akiniambia rangi ya anga dirishani kwa kuwa sikuiona: leo kijivu, leo mvua iko juu ya ziwa, leo mlima umejitokeza.

Siku bandeji zilipotoka, dokta alikunja kidole, akagonga juu ya kichwa changu, taratibu, kama mtu mlangoni. Sauti ilikuwa kavu. Ngumu.

"Hodi," alisema.

Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Karibu, dokta."

Mama aligonga pia. Masika akagonga, akagonga tena, mpaka Furaha akasema kichwa si ngoma.

Nimebaki na kovu refu, kama njia shambani, na juu yake nywele hazioti. Nywele nyingine zimefunika karibu kote. Upepo ukivuma kutoka ziwani nasikia baridi kwenye ngozi ya kichwa. Nawe unaisikia tangu uzaliwe, hutajua ni kitu gani kusikia hivyo mara ya kwanza ukiwa na miaka kumi na saba.

Dokta alikataza mzigo mpaka mvua mbili za mwaka zipite. Zilipopita tulikuwa tumepanga chumba mjini, na Kasereka, asiyechoka, alikuwa ametuma shangazi yake mara ya mwisho, na Masika alikuwa amesema ndiyo. Nilikwenda kwa dokta peke yangu, nikiwa na kamba ndani ya mfuko wa plastiki. Niliiweka mezani. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno langu njia nzima.

"Dada yangu anaolewa. Nataka kubeba vyombo vyake."

Aliichukua kamba, akaivaa kwenye paji lake mwenyewe, akainama kidogo, kama anayekumbuka kitu. Kisha akanivisha mimi. Alichora kwa kalamu mstari kwenye ngozi yangu, chini ya nywele, vidole viwili mbele ya kovu. "Hapa. Siyo juu zaidi. Na siyo viazi vya gunia, unasikia? Masufuria."

Kwetu, vyombo vya bibi harusi hubebwa na dada zake mpaka kwa mume. Jumamosi ile, asubuhi, wasichana wa mtaa walikuja kusaidia. Masika alizoea mno. Alikuwa ameshainama kuokota kapu kubwa la masufuria kabla Mama hajamshika mkono.

"Wewe leo apana," Mama alisema. Kisha akageuka, akachukua kamba. Alikuwa hajaishika kwa miaka kumi na minane. Aliipitisha chini ya kapu, akalinyanyua mpaka mgongoni mwangu, akaileta kamba mbele na kuiweka kwenye paji langu, vidole viwili mbele ya kovu, bila kuambiwa. Mikono yake ilikuwa inajua kazi.

Nilisimama. Uzito ulivuta shingo nyuma, halafu ukatulia. Kichwa changu kilishika.

"Ni nzito?" Masika aliuliza.

"Ndiyo," nilisema. "Tangulia."

Tulipita Birere katikati ya watu, kichwa changu wazi, bila fulari. Masika alitembea mbele yangu na gauni lake jeupe. Mwanzoni hakujua afanye nini na mikono yake. Aliikunja, akaiachia, akaishika nyuma. Tulipofika kwenye kona ya mtaa wa Kasereka alikuwa ameanza kuitupa huku na huku akitembea, kama msichana wa miaka tisa.